Ngazi ya Baba Mkwe

Nyumba yetu ina vyumba vitatu, choo kimoja na lugha nne. Choo tumekiwekea zamu na zamu inafuatwa. Lugha hazijapata mtu wa kuziwekea zamu. Mimi na binti yangu tunasema Kiswahili, changu cha Tanga, chake cha kuokoteza. Mume wangu anasema Kijerumani sanifu akiwa kazini na Kiswabia akishakasirika. Wakwe zangu, wanaokaa ng'ambo ya pili ya mto Neckar, mlimani, kwenye nyumba yenye shamba dogo la miti ya matunda, sanifu hawana kabisa: Kiswabia asubuhi, Kiswabia jioni, Kiswabia na ng'ombe wa jirani. Hiyo ni lahaja ya kusini, ya huku kwetu Esslingen na Stuttgart yote, na Mjerumani wa kaskazini akiisikia huomba arudiwe taratibu. Serikali ya jimbo lenyewe inajua. Mwaka 1999 ilitoa matangazo ya kujinadi yaliyosema: Tunaweza kila kitu, isipokuwa Kijerumani sanifu.

Lugha ya nne ni Kiingereza. Hicho hakikuwa na kazi nyumbani mpaka kaka yangu alipokuja kututembelea.

Kaka ni mwalimu mstaafu. Amefundisha Kiingereza sekondari, kulekule Tanga, mpaka wanafunzi wake wakapata wajukuu. Kiingereza chake ni cha Uingereza, kimepigwa pasi na kufungwa kifungo cha shingoni. Kijerumani hajui, isipokuwa neno "Schule", ambalo anashikilia kwamba sasa ni mali yetu kwa kuwa tumelitunza vizuri kuliko wenyewe. Aliingia mwezi wa Juni na begi la viungo, daftari la mistari na kalamu mbili. Ya buluu ya kuandikia maneno mapya, nyekundu ya kusahihishia. Mwalimu hustaafu kazi, mkono haustaafu.

Sasa mimi natunza wazee kwa zamu, na mchana mara nyingi sipo. Nikiwepo, maneno yanatoka Kiswabia yanaingia Kiswahili moja kwa moja. Nisipokuwepo, kila neno la mama mkwe lilibidi lipite kwenye Kijerumani sanifu, livuke Kiingereza, ndipo limfikie kaka. Na nahodha wa mashua hiyo alikuwa mume wangu.

Mume wangu ana maradhi waliyonayo Wajerumani wengi. Hupenda kuitafsiri misemo yao ya mitaani kwa Kiingereza, neno kwa neno, makusudi kabisa, kisha hukaa kimya aone utafanyaje. Huku ni mchezo wa watu wazima. Kuna vikombe vya kahawa na kadi za posta zilizochapishwa kwa ajili ya hilo tu. Kitu kisipokuwa kizuri sana, Mjerumani husema si "das Gelbe vom Ei", yaani si kile kiini cha yai, ndiyo sehemu tamu. Basi mume wangu alimpokea shemeji yake uwanja wa ndege kwa uso mkavu: "My English is not the yellow from the egg." Kaka alimtazama, akanitazama mimi, akafungua begi la mkononi na kutoa daftari.

Si yeye peke yake. Günther Oettinger, aliyekuwa Waziri Mkuu wa jimbo hili hadi mwaka 2010, alitoa hotuba ya Kiingereza ambayo video yake ilizunguka nchi nzima mwaka huohuo. Alisema sote tumekaa ndani ya mashua moja, "we are all sitting in one boat," na Ujerumani ikacheka wiki nzima. Huku kwetu, kwa kuwa ni Mswabia mwenzao, watu walifunga madirisha kwanza ndipo wakacheka.

Vita vya kwanza vilikuwa vya pilau. Kaka alilipika mwenyewe, kwa viungo alivyovibeba kutoka Ngamiani, kwetu Tanga, nyama ya ng'ombe, vitunguu vimekaangwa mpaka vikawa rangi ya kahawa. Mama mkwe alikula sahani, akaongezewa, akaikomba na hiyo ya pili. Akafuta mdomo, akasema, "Des ka mr essa."

Mume wangu akamgeukia kaka: "She says, one can eat it."

Kaka aliweka kijiko chini. Alirudia maneno yale taratibu, kama anayesoma jibu la mtoto asiyetaka kumfelisha. Kisha akauliza kwa Kiingereza chake cha kola ngumu, kama pilau halikusudiwi kuliwa, mama alidhani limepikwa kwa kazi gani nyingine. Mume wangu hilo hakulitafsiri. Alikuwa anafuta machozi ya kicheko kwa kitambaa cha meza.

Lazima umjue Mswabia. Hana sifa iliyo juu ya hiyo. Wenyewe husema kwamba mtu asipogombezwa, ameshasifiwa vya kutosha. Chakula cha harusi yetu, kilichotumaliza akiba, baba mkwe alikionja akasema kinaweza kuliwa, na mashangazi wakanong'onezana kwamba mzee leo amelewa sifa. Lakini kaka hayo hakuambiwa. Niliporudi kutoka zamu ya usiku nilimkuta jikoni, hajalala. Kwenye daftari ameandika kwa buluu ile sentensi yote, na chini yake kwa wekundu maneno matatu: utovu wa adabu. Nilimweleza mpaka chai ikapoa. Akaongeza alama ya vema ndogo pembeni, kwa shingo upande.

Halafu akaja nguruwe. Walikuwa wanakwenda Stuttgart, kaka, mume wangu na mama mkwe, na kaka akawahi treni ya mjini milango ikiwa inajifunga nyuma ya koti lake. Mama mkwe akashika kifua. "Da hosch aber Schwein ghet!" Mume wangu, bila huruma: "You had pig."

Kaka ni mtu wa swala tano. Nguruwe? Lini? Akaukumbuka mchuzi wa jana. Akazikumbuka soseji alizoambiwa ni za kuku. Mpaka treni inafika Stuttgart alikuwa ameshaipitia milo yake yote tangu alipoondoka Dar es Salaam, na usiku alinivizia koridoni. "Mdogo wangu, niambie ukweli." Sufuria zangu hazijaguswa na nguruwe tangu nilipozinunua, na mama mkwe hilo analijua na kuliheshimu. Nikamwambia, Kaka, kwa hawa "kuwa na nguruwe" ni kuponea chupuchupu, kupata bahati. Wapo wanaosema ni kwa ajili ya mashindano ya zamani, ambapo aliyeshika mkia alifarijiwa kwa kupewa nguruwe, na nguruwe kwa mkulima fukara alikuwa chakula cha miezi. Kaka akasikiliza mpaka mwisho, akasema bahati ya namna hiyo wampe mtu mwingine.

Baba mkwe naye, ukimuuliza chai au kahawa, hujibu "Isch mir Wurscht", kwamba kwake yote sawa. Likatoka upande wa pili hivi: "It is sausage to him." Kaka akajibu hapana, asante, wala yeye hataki.

Ya stesheni ndiyo iliyonifurahisha kuliko zote. Kaka alikuwa anamweleza baba mkwe habari ya reli ya Tanga, ile ambayo Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1893 ikafika Moshi mwaka 1911. Alieleza kwa Kiingereza kirefu, chenye vituo vyote vya koma. Baba mkwe, aliyemaliza shule zamani na hakufundishwa Kiingereza hata cha kuombea maji, alivumilia, akatikisa kichwa, akasema, "I versteh bloß Bahnhof." Mume wangu: "He understands only train station." Msemo huo maana yake ni kwamba mtu haelewi kitu chochote; wengi huuhusisha na askari wa Vita vya Kwanza vya Dunia, waliochoka kiasi kwamba neno pekee walilotaka kulisikia ni stesheni, wakapande treni warudi kwao. Lakini kaka alisikia stesheni akafurahi sana. Kumbe mzee anafuatilia! Akaendelea: Muheza, Korogwe, Mombo, Same. Mzee wa watu alipelekwa mpaka Moshi bila tiketi.

Nayasimulia hayo ili uone jambo moja. Nguruwe, soseji na stesheni hazikumtegua mtu kiungo. Neno la ajabu hujitangaza lenyewe mlangoni. Kila mtu husimama, huuliza, huelezwa, na chai huendelea. Yaliyotuletea maafa ni vineno vidogo vya kila siku, vyenye adabu, ambavyo kila mmoja aliviona vinaeleweka akavipisha vipite.

Kama nusu.

Jumapili mama mkwe huandaa kahawa na keki, na siku hiyo ilikuwa keki ya Träuble, vitunda vyekundu vikali vya mwezi wa Juni, juu imefunikwa povu la ute wa mayai lililookwa likakauka. Keki hiyo haingoji mtu. Povu likikaa sana linatoa jasho, na mama mkwe hutoa jasho pamoja nalo. Mume wangu na binti walitangulia kusaidia kupanga viti. Kaka akasema atakuja kwa miguu, ajionee mji. Aliambiwa kahawa ni "halb vier". Kwa Kiingereza: "Half four."

Mjerumani huhesabu saa inayojazwa. Saa ya nne imefika nusu, basi ni nusu ya nne, nayo ni saa tisa na nusu ya alasiri kwetu. Mwingereza anaposema "half four" amemeza neno moja katikati. Ni nusu baada ya nne, yaani saa kumi na nusu. Mume wangu alitafsiri sawasawa kila neno. Kaka alielewa sawasawa kila neno. Kati yao ikapotea saa nzima. Na Waswabia hawaishii hapo. Kwao saa tisa na robo ni "robo ya nne", na saa kumi kasorobo ni "robo tatu za nne", wala hawaoni kwa nini mtu mzima aelezwe.

Nilifika mlimani moja kwa moja kutoka kazini. Meza imetandikwa, vikombe vya maua vimepangwa, watu wamekaa mikono magotini kama wanangoja maiti. Baba mkwe alikuwa amekwisha kula kipande chake na sehemu ya kile cha kaka. Povu lilikuwa linalia. Kaka akaingia saa kumi na dakika ishirini na tano, amenyooka, ana shada la maua, anajivunia kuwahi kwa dakika tano. Mama mkwe aliitazama keki, akamtazama mgeni, akasema, "Jetzt hemmer da Salat." Mume wangu, ambaye kwa wakati huo angeweza kunyamaza tu: "Now we have the salad." Kaka akasema salad itakuwa vizuri sana, akaketi.

Wiki ile mama mkwe alimwita "Herr Lehrer", Bwana Mwalimu, kwa sauti unayomwitia mtu anayekudai.

Aliyeleta suluhu ni baba mkwe, na alifanya hivyo kwa kuwaacha wakalimani wote nyumbani. Alimpakia kaka kwenye gari akampeleka Schwäbisch Hall, mji wa zamani wenye nyumba za mbao na ngazi kubwa za kanisa, mwendo wa saa moja na ushei. Katika karne za kati mji huo ulifua sarafu, na sarafu ya Hall ikaitwa Heller. Jina hilo Wajerumani walilibeba mpaka Afrika Mashariki; mwaka 1904 wakaleta heller, mia moja kwa rupia moja, na mwaka 1916, vita vimewabana na meli haziingii, wakazifulia Tabora. Baba mkwe hayo ya Tabora hakuyajua. Alichofanya ni kuchomoa sarafu mfukoni, kuionyesha, kuuonyesha mji, na kusema "Heller". Kaka akapiga ukelele katikati ya uwanja wa soko: "Hela!" "Heller," akasema mzee. "Hela," akasema kaka. Walirudi jioni wamebeba maandazi yao ya chumvi, wanacheka, na hakuna aliyeweza kutuambia walizungumza nini siku nzima.

Ningependa kuishia hapo. Lakini cheri ziliiva.

Siku ya kuchuma cheri familia yote huenda mlimani. Safari hii alikuwepo na mchumba wa wifi yangu, kijana wa Hamburg, mrefu, mpole, msaidizi kupita kiasi. Kiingereza chake kizuri ajabu, hata kaka hakukigusa kwa wekundu. Kwa hiyo tukaona heri: mkalimani mpya, makini, asiye na mchezo wa vikombe vya kahawa. Mume wangu akapewa kazi ya kubeba ndoo.

Baba mkwe ana zaidi ya miaka sabini na hataki mtu mwingine apande mti wake. Aliegemeza ngazi ya mbao kwenye tawi, akapanda mpaka karibu na juu, akaona inacheza. Kaka alikuwa amesimama chini, karibu kabisa. Mzee akapaza sauti bila kugeuka: "Heb d'Loiter!"

Kwa Kijerumani cha vitabuni "heben" ni kuinua. Kwa Kiswabia ni kushika. Kuinua wana neno lao jingine. Mtoto yeyote wa Esslingen angejua mzee anaomba ashikiwe ngazi. Kijana wa Hamburg, chini ya mti wa pili, alisikia alichofundishwa shuleni, akakitafsiri kwa ufasaha usio na doa: "He says, lift the ladder!"

Kaka akatazama juu. Baadaye aliniambia kwamba alishangaa kidogo, lakini ugenini mambo mengi yanashangaza, na mzee akisema inua, kijana anainua. Akakunja mikono ya shati, akasema Bismillahi, akainua.

Ngazi ilinyanyuka kama shibiri. Baba mkwe akakumbatia tawi. "Heba!" akapiga kelele, "heba, han i gsagt!" Shika, nimesema shika! Na Hamburg, kwa wasiwasi wa kweli, maana aliona mzee amekasirika na kazi haifanyiki ipasavyo: "Lift, he says! Lift!"

Kaka akaguna, akainua zaidi.

Mimi nilikuwa kwenye veranda na bakuli. Nilichokiona ni ngazi inapanda mbinguni, miguu ya baba mkwe imeachwa hewani, viatu vikitafuta kidato ambacho hakipo tena, na kaka yangu, mwalimu mstaafu mwenye presha, ameibeba ngazi kifuani mishipa imemsimama shingoni. Binti yangu ndiye aliyepasua mbuga. "Mjomba, shika! Shika tu! Usiinue!" Kiswahili chake chote cha kuokoteza kilimtosha. Mjomba akaishusha ngazi kwa haraka, ikatua ndani ya ndoo ya cheri, ikateleza, ikalala. Tawi likavunjika. Baba mkwe akashuka pamoja nalo, akaangukia kwenye majani ya kuwasha.

Akakaa. Akajitazama. Akasema mguu unamuuma. Kwa Kiswabia: "Mei Fuaß."

Hospitali ya zamu ilikuwa imejaa. Mapokezi wakaandika "Fuß", na kwa Kijerumani cha vitabuni hiyo ni ile sehemu ya kuvalia kiatu, si zaidi. Wakapiga picha kiatu kizima, wakaona hakuna kitu, wakataka kumrudisha mzee nyumbani. Daktari aliyekuja mwishoni alikuwa mgeni kama sisi, Kijerumani chake cha mitihani, safi, na cha baba mkwe hakumo ndani yake. Mzee akawa anarudia Fuaß, Fuaß, kwa hasira, na daktari anaonyesha picha ya kidole gumba. Mume wangu alikuwa anatafuta pa kuegesha gari, na mimi nilikuwa nimebaki na mama mkwe kumpa maji. Kijana wa Hamburg alikuwa ameinamisha kichwa, hataki kutafsiri tena maishani.

Kaka akasimama. Alikuwa ameona mkono wa mzee ulipo kila anaposema neno lile: juu ya goti. Akamwambia daktari kwa Kiingereza chake cha kifungo cha shingoni kwamba, kwa heshima, katika lugha ya huyu bwana mguu huanzia nyongani ukaishia vidoleni. Hata katika lugha yetu ni hivyohivyo, nasi hatuoni ajabu. Daktari akalibonyeza goti. Baba mkwe akatukana Kiswabia kizima. Goti lilikuwa limeteguka vibaya. Likafungwa bandeji, akapewa magongo.

Ungedhani basi. Walimrudisha nyumbani, wakamlaza kwenye kochi sebuleni, akaanza kutetemeka, kwa baridi au kwa mshtuko. Mama mkwe alikuwa jikoni anachemsha supu, akamwambia Hamburg kwa mlango ulio wazi amletee mzee "Teppich". Mpaka leo sijui kwa nini alimwambia yeye. Kwa Kijerumani sanifu Teppich ni zulia. Kwa Kiswabia ni blanketi.

Kaka safari hii aliuliza. Aliuliza mara mbili. "Are you quite certain?" Kijana akasema ana hakika, amelisikia vizuri, neno rahisi kabisa. Basi wakasogeza meza, wakainua miguu ya kabati mmoja baada ya mwingine, wakavingirisha zulia la sufu la sebuleni, zulia ambalo wakwe zangu walilinunua walipooana, wakalibeba wawili wakihema na kumfunika nalo baba mkwe mpaka kidevuni. Mama mkwe alitoka jikoni na bakuli la supu akakuta sakafu tupu, vyombo vya kabati vimeegemea upande mmoja, na mumewe amebaki kichwa tu.

Hakuna aliyesema kitu. Baba mkwe alifikiri kidogo. "Schwer," alisema. "Aber warm." Zito, lakini lina joto. Hamburg alifungua mdomo atafsiri, wifi yangu akaufumba kwa mkono.

Zulia lilirudishwa sakafuni, mti ukakatwa vizuri pale tawi lilipovunjika, na baba mkwe alitembea kwa magongo mpaka Agosti. Kaka hakulaumiwa na mtu. Kwa hukumu ya mama mkwe, iliyotolewa mezani mbele ya wote, kosa lilikuwa la Hamburg, mji mzima. Kaka alipoondoka alimwachia binti yangu daftari, na ukurasa wa mwisho, kwa buluu bila wekundu wowote, umeandikwa: heben, kushika.

Wifi yangu aliolewa na kijana wake Septemba mwaka huohuo. Kadi za mwaliko ziliandikwa 14:30, kwa tarakimu, kwa amri ya mama mkwe, na watu wa kusini na wa kaskazini wote wakafika kwa wakati. Nawe msomaji, kama una wakwe huku, dai saa yako iandikwe hivyohivyo. Na ukisimamishwa chini ya ngazi, kabla hujafanya lolote uliza kwanza anayekutafsiria ni mtu wa wapi.